Manukato Mepesi, Manukato Mazito

Mwezi uliopita nilikwenda kuketi kilio cha Mama Henriette, huku huku Kampemba, mjini Lubumbashi. Huyu mama nusura awe mkwe wetu: binti yake Odette aliposwa na kaka yangu Faustin, na posa ile ilikufa pamoja na kaka. Sikwenda kwa uchungu, nasema ukweli. Nilikwenda kwa sababu katika mji huu mtu asiyeonekana kwenye vilio vya wenzake atakuja kuliliwa na kuku wake mwenyewe, na mimi kwa umri huu siwezi tena kuringa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanacheza karata na kubishana juu ya bei ya mahindi. Sisi wanawake tulijazana sebuleni, viti vyote vimetolewa, miguu tumeinyoosha kwenye mikeka. Odette akaja kuketi ubavuni mwangu na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa chumvi. Amenenepa, anavaa miwani, ana wajukuu. Akaniuliza kama bado nauza manukato, nikamwambia niliacha zamani, sasa nauza sabuni na mishumaa. Halafu, bila kuinua macho kwenye sahani, akasema jambo ambalo nadhani alilibeba tangu ujana wetu.

"Véro, ile harufu ya muguu ya Faustin, shiye bote tulikuwa tunaisikia. Tangu siku ya kwanza alifika kwetu. Mama njo alikataza mutu aseme."

Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini wafu huzikwa.

"Juu eko mukwe," akasema. "Mukwe habamupatishake haya." Yaani mkwe haaibishwi.

Tangu siku ile nina hasira, na kwa kuwa watu wote waliostahili hasira hiyo ama wamezikwa ama wamezeeka kama mimi, naiandika. Faustin alikufa mwaka ule ule wa posa, kwa mguu ambao ungeweza kukatwa. Nalisema mapema ili msomaji asinifuate akitumaini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye mazishi yake methali hiyo ilirudiwa na kila mlevi. Ni methali nzuri, ila haisemi lolote juu ya mgonjwa ambaye maradhi yake yanafichwa na watu wengine, kwa tabasamu, kwa chakula kizuri, kwa adabu.

Wazazi na ukoo nawaacha, hawana kazi katika hadithi hii. Tulikuwa wawili, mimi na yaya Faustin, yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, katika chumba cha uani tulichopanga nyuma ya nyumba ya fundi cherehani. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la kitenge: upande wangu kitanda na sanduku, upande wake godoro na msumari ukutani ambako suti yake ilining'inia ndani ya mfuko wa plastiki. Tulipika nje kwa mbabula, jiko letu la makaa, bukari na mchicha wa lengalenga siku nyingi, samaki wa barafu siku nzuri. Alikuwa amerudi kutoka Kambove, ambako alichimba madini pamoja na wachimbaji wengine wa mkono, na jiwe lilikuwa limemwangukia kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti. Mwanzoni kilikuwa kidonda kama kidonda chochote. Alikiosha kwa maji ya chumvi, akakifunga kwa kitambaa, akasema kitakauka kabla baridi haijaisha. Baridi iliisha. Usiku nilikuwa nasikia kupitia pazia akijifunza maneno ya kumsalimu baba mkwe, sauti yake ikipanda na kushuka, na kati ya salamu na salamu akivuta pumzi kwa meno kila alipogeuza mguu. Alimpenda Odette kwa namna ya wanaume wenye majivuno, yaani alimpenda pamoja na picha yake mwenyewe akiwa amesimama naye mlangoni pa kanisa.

Mimi nilifanya kazi kwa Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa Mungu aliyefungua katoni huku akiimba nyimbo za kanisani kwao. Katoni zilitoka Dubai zikapita mpakani Kasumbalesa, na ndani yake mlikuwa na manukato ya wanaume ambayo mwaka ule kila kijana wa Lubumbashi aliyataka. Yalikuja kwa namna mbili, jina moja, harufu moja, chupa moja kwa umbo: ya bluu ndiyo nyepesi, nyeusi ndiyo nzito. Maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina hakuna mteja aliyeyasoma. Kazi yangu ilikuwa kueleza tofauti. Nyepesi, niliwaambia, inakutangulia mlangoni, inakusalimia watu, halafu inaenda zake kabla ya chakula cha mchana. Nzito haisemi sana mwanzoni, lakini inabaki kwenye kola mpaka nguo ifuliwe. Wakati wa joto chukua nyepesi, wakati wa baridi chukua nzito. Niliwanyunyizia kwenye kipande cha boksi, kisha kwenye kifundo cha mkono, nikawaambia wazunguke soko kwanza ndipo warudi. Na kila aliyenunua nilimpa onyo alilonifundisha Papa Kambale, kwamba pua ya mwenye kuvaa ndiyo huchoka ya kwanza. Baada ya muda hujisikii tena, unadhani yamekwisha, unaongeza, na watu wanaokaa karibu nawe wanaumwa kichwa. Ukitaka kujua kama unanukia, uliza mtu.

Onyo hilo kaka yangu alilishika kuliko wateja wote. Alianza na chupa ya bluu mwezi wa baridi, kidogo tu shingoni, na kidogo, nilimwona kupitia pembe ya pazia, kwenye kitambaa cha mguu. Pua yake ilikuwa imezoea kila kitu kilichokuwa kikioza chini ya kitambaa kile, kama ilivyozoea manukato. Alikuwa halisikii hili wala lile. Kwa hiyo aliuliza. Alimwuliza fundi cherehani, alimwuliza mwuza mkate, aliniuliza mimi kila asubuhi akiwa amesimama mlangoni na fimbo: "Inasikika?" Wengine walimwambia ananukia vizuri, na alipogeuka walifanya uso. Mimi nilimwambia inasikika, yaya, mguu unasikika, twende hospitali. Alinijibu kwamba dada wa mtu ni polisi wa mtu, hajawahi kuona kitu kisafi maishani mwake. Tulikuwa tunacheka, siku zile. Sasa nikikumbuka kicheko kile natamani kukirudisha kooni.

Siku ya kwenda kujionyesha kwa wakwe ilikuwa katika joto kali lile linalokuja kabla ya mvua, mabati yanalia juu ya vichwa. Mjomba wetu mmoja alikuja kuwa msemaji, kwa kuwa kwa desturi mwoaji hasemi kitu, anakaa tu na kuangalia magoti yake. Mimi nilibeba kikapu. Sebule ya kina Odette ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma mgongoni, saa ya ukutani iliyosimama, na madirisha ambayo, nashangaa nilivyoliona hilo bila kulielewa, yote yalikuwa yamefungwa. Ilipofika zamu ya kumsalimu baba mkwe, Faustin akafanya kama alivyojifunza: akapiga goti, lile lile la mguu mgonjwa, akashusha kichwa, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa. Nilimwona jasho likitoka nyuma ya masikio. Mguu ulikuwa umbali wa mkono mmoja na uso wa mzee. Mzee hakurudi nyuma. Alimwacha amalize makofi yake yote, akamwinua, akamwambia mjomba wetu maneno ambayo kaka yangu aliyabeba kama wengine wanavyobeba rozari:

"Huyu kijana anajua kujitunza. Ananukia sawa muntu ya biro." Yaani mtu wa ofisini.

Kwa desturi mama mkwe hakai chumba kimoja na mwoaji, hamwangalii akila, na mwoaji hamtaji kwa jina. Kwa hiyo Mama Henriette alikuwa jikoni na shangazi zake Odette, nami nikatumwa huko kupeleka kikapu. Kwenye mbabula, pembeni mwa sufuria ya kuku, walikuwa wameweka maganda ya machungwa yaungue polepole juu ya makaa, na mmoja alikuwa akipeleka moshi wake sebuleni kwa ufuniko. Nikafikiri, watu hawa wana uungwana, wanafukiza nyumba kwa ajili ya mgeni. Shangazi mmoja alisema wafungue walau dirisha moja. Mama Henriette akamjibu bila kugeuka kwamba wasifungue, kwa sababu wakifungua atajua. Nilidhani anamsema jirani, kwamba hawataki jirani asikie mazungumzo ya mahari. Nikawekewa kikombe cha munkoyo baridi, nikanywa, nikawasifu kwa machungwa. Shangazi aliyetaka dirisha akaangalia chini. Miaka hii yote nimekuwa nikisimulia juu ya maganda yale kama mfano wa ukarimu wa kale, nimewaambia mpaka wanangu. Kumbe nilikuwa nimesimama jikoni ambamo ukweli ulikuwa unachomwa juu ya makaa, na mimi nauvuta puani na kusema asante.

Tulirudi nyumbani kaka yangu akiwa mwepesi kama mtu aliyetolewa jela. Alisimulia njia nzima. Umemwona mzee alivyoniinua, umesikia alivyosema, hata shangazi yule mkali amenipa paja la kuku. Nilijua wazi kwamba ndani ya teksi dereva alikuwa ameshusha vioo vyote licha ya vumbi, na nikamwambia hivyo. Nilimwambia mbele ya mjomba, bila kupunguza, kwamba mguu unanuka, kwamba bluu haiwezi tena, kwamba nyama ikifika kunuka hivyo haihitaji manukato bali kisu cha daktari. Tulipofika mlangoni aliegemea fimbo yake. Kisha akasema neno ambalo sikulisahau, si kwa ubaya wake bali kwa sababu lilikuwa na mantiki kamili: kwamba watu wa nyumba nzima walikaa naye mchana kutwa, watu wasio na sababu ya kumpenda, na hakuna aliyeona kitu, mimi peke yangu ndiye niliyeona. Mtu mmoja dhidi ya nyumba nzima. Hata mimi ningeiamini nyumba.

Lakini neno langu juu ya bluu lilimwingia, kwa upande mbaya. Siku chache baadaye alikuja dukani, fimbo mkononi, akataka nyeusi. Papa Kambale alikuwa amekaa kwenye katoni, miwani kwenye paji la uso. Alikuwa mchuuzi, pua yake ilimlishia watoto, na Faustin alikuwa ameingia na upepo wote wa mlango. Nilimwona akiacha kuimba. Kwanza alisema tu kwamba kwa joto hili nyeusi itamchosha, achukue bluu, aongeze mara mbili kwa siku. Kaka akasema anataka nyeusi. Ndipo yule mzee akafanya jambo ambalo wachuuzi hawafanyi, akashusha sauti na kumwambia kwa Kiswahili chake cha Butembo:

"Kijana, hii ya nguvu inafunikaka jasho tu. Kitu kingine haifuniki, inakipandisha. Enda kwanza ku hopitali, utarudia hapa ukiwa mutu muzima."

Faustin alinyooka. Kilichomchoma hakikuwa habari ya hospitali, nadhani hata hakuisikia. Kilichomchoma ni kwamba mtu alikuwa amemnyima nyeusi na kumsukumia bluu, ile ya bei ndogo, mbele ya wateja. Alidhani ameonekana mchimbaji maskini asiyeweza. Akalipa bila kubishana bei, akanyunyiza mbele yetu, shingo, kifua, mikono, akatoka polepole ili asichechemee. Na Papa Kambale alikuwa amesema kweli. Nyeusi haikuifunika ile harufu. Ziliungana zikawa harufu moja mpya, tamu na nzito, ambayo ilikaa katika chumba chetu, kwenye pazia, kwenye unga, kwenye nywele zangu. Wateja waliokuja dukani kuomba nyeusi nilianza kuwapa huku nimegeuza uso. Mpaka leo, nikipishana barabarani na kijana aliyejipaka manukato yale, na bado yanauzwa, navuka barabara kabla akili haijajua kwa nini.

Mvua zikaanza. Shangazi zake Odette walikuja kupanga nguo za harusi, wakakaa kwenye kitanda changu chini ya mabati yanayovuja, wakala bukari yetu katika hewa ile, wakasema chumba kinanukia kama duka la kizungu. Odette alikuja Jumapili baada ya misa na kukaa karibu naye, bega kwa bega. Nilimwangalia sana msichana yule, nikitafuta dalili yoyote usoni mwake, nikakosa. Nilianza kujishuku mwenyewe. Nilidhani labda kweli mimi ni polisi, labda pua yangu imeharibiwa na duka. Mjomba alileta mizizi kutoka Lukafu, ikasagwa, ikapakwa, kidonda kikaicheka. Kisha homa ikamwangusha asubuhi moja akiwa anafunga tai, na kwa kuwa aliyezimia hana majivuno, mimi na fundi cherehani tukampeleka hospitali kwa mkokoteni.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi, na ninamkumbuka kwa shukrani kwa sababu hakuwa na adabu hata kidogo. Alifungua kitambaa, akaangalia, akabonyeza juu ya goti na chini ya goti. Akasema mfupa umeoza. "Tunakata hapa chini ya goti, unarudia kwako muzima, unaoa, unazala. Tukingoja, iko inapanda." Faustin akamuuliza nani atampa binti yake mtu wa mguu mmoja. Daktari akasema hilo hakusomea. Tuliongea na kaka, mimi na fundi cherehani, mchana wote, jioni yote. Nilimwambia yote: dereva wa teksi, mwuza mkate, wagonjwa wa vitanda vya jirani waliokuwa wameomba kupelekwa barazani hata kwa mvua. Nililia, jambo ambalo sikuwa nalifanya mbele yake. Na asubuhi alikubali. Alisema kata basi, kwa sauti ya mtu anayetoa shati lake. Daktari akampanga kwa kesho yake. Nilikwenda uani, nikanunua chai, nikainywa nimesimama, na ndiyo siku pekee katika mwaka ule ninayoweza kusema nilikuwa na furaha.

Alasiri tukaletewa habari kwamba Mama Henriette yuko getini. Faustin aliomba chupa nyeusi, akajimwagia mwenyewe. Nilidhani mama atasimama mlangoni, amegeuza uso pembeni kama desturi inavyotaka, atume salamu kupitia kwangu na kuondoka. Lakini aliingia. Alivuka chumba chote chenye wauguzi waliofunika pua, akaja mpaka kitandani, akavuta kigoda upande wa mguu, akaketi. Mama mkwe, kumkaribia mwoaji kiasi kile, kwetu ni heshima isiyotolewa kwa mtu kabla hajaoa, na wakati mwingine haitolewi kabisa. Alifungua bakuli la kuku. Hakukohoa, hakugusa pua, alipumua kama mtu aliye shambani kwake. Kisha akampa mkono na kumwambia: "Mukwe, unanukia muzuri. Kanisa tumekwisha kuongea nayo, upone tu pole pole." Odette aliniambia kilioni kwamba mama yake alishuka ngazi vizuri, akatoka getini vizuri, akaaga walinzi, na alipofika kwenye mfereji ng'ambo ya barabara akapiga magoti akatapika mpaka akashindwa kusimama. Alirudi nyumbani akawaambia kwamba amemtia moyo mkwe. Naamini alifanya hivyo kwa upendo. Sijui la kufanya na imani hiyo.

Alipotoka, kaka yangu alilala akiangalia kigoda. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu Kambove. Akaniita.

"Véro, umeona? Amekaa paka hapa, karibu na muguu. Mutu mukubwa sawa ule, hawezi kukaa pembeni ya kitu yenye kuoza."

"Alisikia, yaya," nikamwambia. "Anasikia sawa bote."

Alinitazama kwa huruma, kweli kwa huruma, kama mkubwa anavyomtazama mdogo wake anayeogopa kuachwa peke yake nyumbani. Akasema nitapata mume wangu na mimi, nisiwe na wivu. Kisha akala kuku yote, akaniomba kitana. Asubuhi daktari alipokuja na wauguzi na kitanda cha magurudumu, Faustin alikuwa ameketi wima, amechana nywele, amevaa shati. Alimshukuru daktari kwa Kifaransa kizuri, akamwambia habari za mguu tutaziangalia harusi ikishapita.